Kabla ya kumnyooshea mtu kidole, lisome kwanza gari

KUNA mtindo ulioshika kasi miongoni mwetu sisi tuliorudi nyumbani kutoka ukimbizini, na hata kwa ndugu zetu wafanyabiashara wanaovuka mipaka ya Gatumba, Mugina na Kobero. Mtu anatoa picha ya zamani kwenye bahasha, au anaionyesha kwenye simu yake, anaweka kidole juu ya lori au gari la jeshi na kusema kwa sauti ya uhakika: "Hili ndilo lililowabeba." Hakuna anayeuliza picha hiyo ilipigwa lini, wapi, na nani. Baada ya dakika tano gari limeshapata mwenyewe, mwenyewe ameshapewa jina, na jina hilo mara nyingi ni la baba wa jirani.

Ndugu msomaji, jambo hili si dogo. Katika nchi kama yetu neno "baba yenu ndiye aliyetoa gari" linatosha kuvunja ndoa, kufunga duka na kurudisha uhasama ambao wazee wamehangaika miaka mingi kuuzima. Ndiyo maana nimeona nilizungumzie hadharani.

Hoja yangu ni nyepesi kuieleza, ingawa ni ngumu kuifuata. Gari lililomo kwenye picha likisomwa vizuri linaweza kutueleza mengi. Linaweza kutuambia kwamba picha haikuweza kupigwa kabla ya mwaka fulani, na pengine likatuambia liliandikishwa nchi gani. Lakini gari peke yake haliwezi kutuambia nani alishika usukani siku ile na nani alitoa amri. Tukiyachanganya mambo haya mawili tunawadhulumu walio hai, na tunawadhulumu zaidi waliokufa.

Hebu tujiulize kwanza, kwa nini magari? Kwa sababu yamo katika kila ukurasa wa historia yetu. Mwaka 1972, baada ya uasi uliozuka tarehe 29 Aprili, watu walikamatwa majumbani, mashuleni na maofisini, wakapakiwa kwenye malori na wengi wao hawakuonekana tena. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano, CVR, ilifukua makaburi ya pamoja kandokando ya mto Ruvubu, eneo la Karusi, na kutoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Nguo, miwani na rozari ndivyo vilivyosaidia kuwatambua baadhi yao. Watu wale hawakufika pale wote kwa miguu.

Usiku wa kuamkia 21 Oktoba 1993 yalikuwa ni magari ya deraya. Ripoti ya tume ya kimataifa ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa, iliyotolewa mwaka 1996, inaeleza jinsi ikulu ya hapa Bujumbura ilivyoshambuliwa kwa magari hayo, na jinsi Rais Melchior Ndadaye alivyofikishwa kambi ya Muha akiwa ndani ya gari la deraya kabla ya kuuawa. Siku zilizofuata mauaji yalienea mikoani, na miongoni mwa waliochomwa moto ni wanafunzi wa Kibimba. Kisha ikaja miaka ya misafara, ambapo aliyetaka kupanda Bugarama alisubiri magari yakusanyike ili yasindikizwe na askari. Tarehe 28 Desemba 2000 basi la Titanic Express lililokuwa likitoka Kigali lilishambuliwa likikaribia Bujumbura, wakafa abiria 21. Kwa hiyo kila familia ina gari lake moyoni, na kila mmoja anapoona picha ya zamani hulitafuta gari hilo.

Kwetu sisi tuliozaliwa au kukulia nje tatizo ni kubwa zaidi. Mimi nimezaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wazazi waliokimbia mwaka 1972, na darasa la kwanza hadi sekondari nimesoma huko Tanzania. Magari ya 1972 sikuyaona kwa macho yangu. Niliyasikia jioni, wazee wakizungumza wakidhani watoto wamelala. Katika masimulizi yale lori lilikuwa moja tu, la kijani, lenye turubai nyuma. Kila mtoto wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo alilichora lori lake kichwani kwa kufuata malori aliyoyaona huko huko Tanzania. Tuliporudi tulikuja nalo. Sasa mtu aliyebeba lori kichwani kwa miaka thelathini akionyeshwa picha ya lori lolote la kijani, atashindwaje kusema kwamba ndilo lenyewe?

Nitatoa mfano mmoja. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kikao cha wazee katika mtaa mmoja wa hapa jijini. Familia mbili zilikuwa zikigombania kiwanja. Ile iliyorudi kutoka Tanzania ilikuwa na picha moja nyeusi na nyeupe, kingo zimeliwa, ikionyesha Land Rover yenye askari watatu nyuma, imesimama mbele ya maduka. Walidai picha ni ya Mei 1972, kwamba gari lilikuwa la mzee wa familia ya pili ambaye alikuwa mfanyabiashara, na kwamba ndilo lililombeba baba yao. Mimi niliitwa kwa kuwa ni mwalimu, ili nisome maandishi yaliyofifia nyuma ya picha. Maandishi hayakuwa na msaada, yalikuwa jina la studio tu.

Aliyetusaidia ni fundi mmoja mzee wa Buyenzi ambaye amezeeka chini ya magari. Aliishika picha, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasema: "Gari hili mwaka 1972 lilikuwa halijazaliwa."

Alieleza hivi, na alikuwa sahihi. Land Rover zilianza kutengenezwa mwaka 1948. Zile za zamani taa zake kubwa za mbele zilikuwa katikati, karibu na shoo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kati ya 1968 na 1969, taa zilihamishiwa kwenye madigadi, huku na huku, lakini shoo ikabaki imeingia ndani. Uso ulionyooka, ambapo shoo iko sawasawa na taa, ulikuja na Land Rover ya injini ya V8 mwaka 1979, kisha ukaenea kwa ile iliyoitwa One Ten kuanzia 1983. Jina la Defender, ambalo ndugu zetu wa Tanzania wameligeuza kuwa "difenda" wakimaanisha gari la polisi, lilianza mwaka 1990. Gari la kwenye picha lilikuwa la uso ulionyooka. Basi picha ile isingeweza kupigwa kabla ya 1979.

Pale pale vijana wa familia ya pili wakasimama kwa furaha. "Mnaona? Ni uongo mtupu! Hata huyo baba yao hakuchukuliwa na mtu!" Hapo ndipo nilipoiona hatari yenyewe. Mzee aliyeongoza kikao akawakalisha chini na kusema: "Picha imeanguka. Marehemu hajaanguka." Alitaka kusema kwamba kukosea picha hakufuti kifo. Wapo majirani waliomwona yule baba akitolewa nyumbani, na ushahidi wao haukutegemea Land Rover yoyote. Suala la kiwanja likarudishwa linakostahili, yaani kwenye mipaka, miti iliyopandwa na majirani wanaokumbuka.

Hili ndilo ninalotaka wenzangu tulielewe. Anayetaka kukana kwamba watu waliuawa hahitaji hoja nyingi. Anahitaji picha moja ya uongo iliyoshikwa na mtu mkweli. Akishaipasua hiyo mbele ya watu, atasema na mengine yote ni vivyo hivyo. Kwa hiyo anayelichunguza gari kwa makini hawasaidii wauaji kujificha, bali anawaziba midomo wanaokana.

Sasa tulisomeje gari? Si lazima uwe mwanajeshi. Nitataja mambo machache ambayo mtu yeyote mwenye macho na subira anaweza kuyafuata.

La kwanza ni umri wa aina ya gari. Picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko gari lililomo. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, hii ambayo imekuwa gari la kila jeshi na kila shirika katika eneo letu, ilianza mwaka 1984. Iliyotangulia, ile yenye uso mfupi na macho ya mviringo ambayo mafundi huijua kwa namba 40, ilianza mwaka 1960. Peugeot 404 ilianza 1960 na Peugeot 504 ikaja 1968. Ukiona picha inayodaiwa kuwa ya uhuru, 1 Julai 1962, na ndani yake kuna Peugeot 504, basi waliokuonyesha wamekosea kwa miaka sita au zaidi. Lakini tahadhari: kanuni hii inafanya kazi upande mmoja tu. Gari la mwaka 1960 linaweza kuwa bado linatembea mwaka 1990, hasa kwetu ambako gari halifi mpaka fundi akatae. Gari linakuambia picha haikupigwa kabla ya wakati gani. Halikuambii haikupigwa baada ya wakati gani.

La pili ni namba. Hapa wafanyabiashara wa mpakani ni walimu wetu, kwa maana wao husoma namba kama sisi tunavyosoma daftari. Katika picha zilizopigwa kambini Kigoma au njiani wakati wa kurejea, namba za Tanzania zinasaidia sana. Zile za zamani zilianza kwa herufi kama TZA zikifuatiwa na tarakimu. Mfumo wa herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ulianza na mfululizo wa A kabla ya kufika B na kuendelea. Basi picha ya basi lililobeba warejeaji likiwa na namba ya mfumo huo haiwezi kuwa ya mwaka 1994, hata kama aliyeishika anaapa. Gari lenye herufi SU ni la shirika la umma, DFP ni la mradi wa wahisani, PT ni la polisi, JW ni la Jeshi la Wananchi. Mara ngapi tumesikia lori la JW lililosimama kambini kulinda usalama likiitwa "lori la jeshi la Burundi lililotufuata mpaka Tanzania"?

Kuna mtego mmoja katika herufi ambao umewanasa wengi. Herufi za kimataifa za magari ya Burundi, zile zinazobandikwa nyuma ya gari linapovuka mpaka, ni RU. Zinatokana na Ruanda-Urundi, jina la nchi mbili zilipokuwa chini ya Ubelgiji. Rwanda ilibadili ikachukua RWA, sisi tukabaki na RU hata baada ya 1962. Kwa hiyo anayeona RU kwenye picha na kusema "hii ni ya wakati wa Wabelgiji" anaweza kukosea, na anayesema "hili ni gari la Warusi" amepotea kabisa, kwani herufi za Urusi ni RUS. Tanzania bara ni EAT, Kenya ni EAK, Uganda ni EAU. Mambo haya yanajulikana na kila dereva wa masafa, lakini nani amewahi kumwalika dereva kwenye kikao cha historia?

La tatu ni usukani na upande wa barabara. Burundi, Rwanda na Kongo huendesha kulia, na usukani wa asili wa magari yao uko kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto. Lori la jeshi lenye usukani wa kulia katika picha inayodaiwa kuwa ya Bujumbura ya 1972 linapaswa kututia shaka kidogo. Nasema kidogo, kwa sababu mbili. Siku hizi barabara zetu zimejaa magari ya usukani wa kulia yaliyopitia bandari ya Dar es Salaam. Na zaidi ya hapo, picha ya negativu ikisafishwa kwa kugeuzwa, kushoto huwa kulia. Tazama kwanza maandishi ya madukani. Kama yanasomeka kinyume, picha imegeuzwa.

La nne ni magari ya deraya, ambayo wengi wetu tunayaita yote vifaru. Katika miaka ya vita jeshi letu lilikuwa na deraya za magurudumu, yakiwemo Panhard AML ya Ufaransa na BRDM-2 ya Sovieti. Mtu akijifunza kuzitofautisha hizi mbili tu atakuwa amepiga hatua. AML ni fupi, ina milango ubavuni, na tairi la spea limefungwa kwenye mlango wa kushoto. BRDM-2 ni ndefu zaidi, pua yake imechongoka kama mtumbwi kwa sababu huweza kuelea majini, haina mlango wa ubavuni, na tumboni ina magurudumu madogo manne ya ziada yanayoshushwa kwenye tope. Nikionyeshwa kifaru kinachotembea kwa minyororo na kuambiwa ni Bujumbura, Oktoba 1993, swali langu la kwanza ni hili: hii ni nchi gani? Tena Afrika Kusini ilitengeneza deraya yake iitwayo Eland kwa kufuata AML, na ikaipeleka Angola mwaka 1975. Picha ya Angola inaweza kabisa kuvalishwa maelezo ya Burundi, na kwenye simu inafanyika kwa dakika moja.

La tano, na ndilo gumu kuliko yote, ni kujua kwamba rangi na maandishi ya ubavuni havimtaji aliyelitumia gari. Wakati wa vita magari huchukuliwa. La mfanyabiashara huchukuliwa, la misheni huchukuliwa, la shirika huchukuliwa, na mwenyewe akikataa huchukuliwa na yeye. Taasisi ya Carnegie Endowment ya Marekani ilitoa mwaka 1973 ripoti iitwayo Passing By kuhusu mauaji ya Burundi ya mwaka uliotangulia. Ripoti hiyo ilieleza kwamba hata magari ya UNICEF, yaliyoletwa kwa ajili ya watoto, yalitwaliwa na watawala wa wakati ule na kutumika kusafirisha watu waliokuwa wakipelekwa kuuawa. Fikiria basi mtoto wa leo akipata picha ya gari lenye maandishi ya UNICEF likiwa limejaa watu waliofungwa mikono. Atasema nini juu ya UNICEF? Na kama gari la Umoja wa Mataifa liliweza kuporwa likatumika hivyo, tunamhukumuje mwenye duka wa Rumonge kwa sababu tu lori lake limeonekana?

Wapo bila shaka waliotoa magari yao kwa hiari na hata kwa shangwe. Sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini hiari hiyo haionekani kwenye picha. Inathibitishwa kwa mashahidi na kwa kumbukumbu za maandishi, kama zile daftari za gereji za serikali na risiti za mafuta ambazo huenda bado zinaliwa na mchwa mahali fulani.

Wanaopita Kigoma wanaifahamu meli ya MV Liemba. Chombo hicho kiliitwa Graf von Götzen kilipokuwa cha kivita cha Wajerumani katika ziwa letu la Tanganyika. Wajerumani wenyewe walikizamisha mwaka 1916, Waingereza wakakiibua, na mwaka 1927 kikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 kilikodiwa kuwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo. Bodi ni ile ile. Ukiionyesha picha yake bila tarehe na kusema "hii ni meli ya vita" hutakuwa umedanganya, na ukisema "hii ni meli iliyowaokoa wakimbizi" hutakuwa umedanganya pia. Kinachokosekana ni mwaka na jina la aliyekuwa akiiongoza. Na magari yetu ni hivyo hivyo.

Hata magari meupe tuliyoyaona baada ya mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 yanahitaji kusomwa. Askari wa Umoja wa Afrika kutoka Afrika Kusini, Ethiopia na Msumbiji walikuja mwaka 2003. Tarehe 1 Juni 2004 Umoja wa Mataifa ulichukua nafasi yao kwa ujumbe ulioitwa ONUB, ambao ulimaliza kazi Desemba 2006. Herufi za ubavuni zinaweza kutusaidia kubana tarehe ya picha ndani ya miaka miwili au mitatu, jambo ambalo kumbukumbu ya mtu peke yake haliwezi.

Najua wapo watakaosema: mwalimu, kwa nini unatusumbua na vyuma chakavu? Vidonda vimeanza kupona, acha. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa maana wengine wao wamepoteza zaidi yangu. Lakini picha zenyewe hazijanyamaza. Zinazunguka kila siku kwenye simu, zikiwa na maelezo ambayo hakuna aliyeyathibitisha, na watoto wetu wanazisoma bila sisi kuwepo. Tukikaa kimya si kwamba watakosa mwalimu. Watapata mwalimu mwingine, na huyo hatumjui.

Wengine watasema kwamba picha za magari ya jeshi ni chache mno kiasi cha kusumbukia. Ni kweli kwamba wakati ule hakuna aliyethubutu kumwelekezea askari kamera. Lakini tazama vizuri picha za harusi, za ubatizo, za timu ya mpira, za darasa la sita. Nyuma ya bibi harusi kuna lori limepita. Kando ya kipa kuna jeep imeegeshwa chini ya mwembe. Mpiga picha hakulitaka gari lile, na ndiyo maana linaaminika zaidi, kwani hakuna aliyelipanga pale ili liseme jambo fulani. Picha za namna hii zimo katika masanduku yetu wengi tuliorudi, na ni mali kubwa kuliko tunavyodhani.

Nini kifanyike? Mapendekezo yangu ni machache na hayahitaji bajeti ya serikali.

Kwanza, kila mwenye picha aandike nyuma yake kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, mambo mawili yaliyotenganishwa: ninachokiona, na nilichoambiwa. "Naona Land Rover, askari watatu, duka lenye mlango wa mabati." Hilo ni moja. "Mama aliniambia ni Mei 1972." Hilo ni la pili. Ukiyachanganya, mjukuu wako hataweza kuyatenganisha.

Pili, tusikate picha. Vijana hupenda kukata kingo ili uso wa babu uonekane vizuri kwenye simu. Kwenye kingo ndiko kuliko na namba ya gari, jina la duka na kivuli cha mlima. Nakili ikatwe ukipenda, ya asili ibaki nzima.

Tatu, tuwatafute wanaojua kabla hawajatutoka. Namaanisha mafundi wazee wa Buyenzi, madereva wastaafu, matingo wa zamani, na askari wa zamani wa pande zote mbili, waliokuwa jeshini na waliokuwa msituni. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 25 mwaka 1972 sasa anakaribia miaka 80. Wapo wanaoweza kulitambua lori kwa sauti ya injini, achilia mbali kwa picha, na kila mwaka tunazika kadhaa wao pamoja na walichokijua.

Nne, sisi walimu tulifanye somo. Mpe mwanafunzi picha moja isiyo na maelezo na umwambie: niambie ni lini, wapi, na unajuaje. Atajifunza historia, atajifunza kusoma, na zaidi ya yote atajifunza kusema "sijui bado", maneno ambayo katika nchi hii yangeokoa watu wengi. Nasisitiza kwamba nazungumzia picha zilizokwisha kuwepo. Sitaki mwanafunzi yeyote aende kupiga picha magari ya jeshi ya leo.

Tano, vyombo vinavyokusanya ushahidi vichukue nakala na kuwarudishia wenyewe picha zao za asili. Aliyekimbia na picha moja mkononi hawezi kuikabidhi kwa ofisi yoyote na kupewa stakabadhi tu. Akihakikishiwa kwamba itarudi, ataileta.

Na wewe mfanyabiashara unayepokea picha Uvira asubuhi na kuifikisha Bujumbura mchana, fahamu kwamba unapoisambaza umekuwa shahidi. Ukiwa mpakani huwezi kupitisha mzigo ambao hujui umetoka wapi, kwa sababu watu wa forodha watakuuliza. Picha ya gari lililojaa watu ni mzigo mzito kuliko gunia la mchele. Iulize imetoka wapi. Ukikosa jibu, iache mfukoni.

Waliopakiwa kwenye malori yale hawakuulizwa majina yao kwa nia njema. Waliopachikwa lawama kwa sababu ya lori lisilo lao nao hawakuulizwa kitu. Tukianza kuuliza maswali sasa, kwa utulivu, tutakuwa tumewatendea haki wote wawili.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule ya sekondari, Bujumbura.